Viazi kilo kumi na mwezi mmoja: kisa cha sikukuu Unguja mjini

Jioni ya Jumapili, tarehe 30 Machi 2025, jikoni kwa Mamdogo kulikuwa na viazi kilo kumi vimeshaoshwa, vimo ndani ya sufuria mbili, moto haujawashwa. Kwa hesabu ya kitaifa ilikuwa Ramadhani 29, maana Tanzania ilianza kufunga Jumapili ya tarehe 2. Mwezi ukiandama jioni ile, kesho yake Idi. Usipoandama tunakamilisha thelathini, na Idi inakuwa Jumanne. Mji mzima ulikuwa ukitazama juu au ukitazama simu. Sisi tulikuwa tunatazama sufuria. Vichemshwe au visichemshwe?

Mamdogo ni mdogo wake mama. Anakaa Ng'ambo, mwendo wa miguu tu kutoka viwanja vya watoto vya Kariakoo, yaani Kariakoo yetu ya Unguja, usiichanganye na ile ya Dar es Salaam. Mwaka mzima si mfanyabiashara. Lakini ikifika Idi ndogo huweka meza kando ya njia inayoelekea viwanjani, siku nne, kuanzia alasiri mpaka watu waishe. Anauza kachori na chatini ya nazi, chipsi za muhogo, barafu za ukwaju ndani ya deli, na vichezeo anavyovinunua Darajani: miwani ya rangi, puto, bastola za maji, saa za mkononi ambazo mishale yake haijawahi kutembea. Mimi ndiye mbeba deli tangu nilipokuwa na kimo cha deli lenyewe. Mwaka huo nilikwenda na daftari, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikia watu wakisema sikukuu za mjini "hazina mpangilio". Mpangilio upo. Umekaa vichwani mwa watu kama Mamdogo, na hawauandiki.

Turudi kwenye sufuria.

Mtu anayeandaa shughuli yoyote nyingine hujua siku yake miezi kabla. Harusi ina kadi, mechi ina ratiba. Idi el-Fitri inajulikana usiku wa kuamkia, baada ya magharibi, pengine baada ya isha, Ofisi ya Mufti inapotangaza. Ndani ya saa chache hizo mwenye pembea anatakiwa awe ameshapata vijana wake, mwenye bendi ya taarab awe na ukumbi, na mwenye kachori awe na viazi vilivyochemka, vikapoa, vikapondwa. Ukisubiri tangazo ndipo uwashe moto, utalala saa nane, kisha uamkie sala ya Idi, wageni na pilau. Ukichemsha mapema na mwezi usionekane, una kilo kumi za viazi na siku moja ya mfungo mbele yako.

Nilimwambia tusubiri. Akanitazama kama vile nimesema jambo la aibu.

"Mwanangu, mwezi usipoandama kesho watu hawatafuturu?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini, miaka yote hiyo, bidhaa yake kubwa ni kachori, haikuwa keki wala sambusa za nyama ambazo pia anazijua. Kachori inauzika Idi na inauzika futari. Mwezi ukionekana, inakwenda Kariakoo. Usipoonekana, inauzwa mlangoni saa kumi na moja jioni na majirani wanagombania. Vichezeo haviozi. Barafu zinakaa kwenye friza hata wiki, umeme ukikubali. Katika meza nzima hakukuwa na kitu hata kimoja ambacho mwezi ungeweza kukiharibu. Akawasha moto kabla ya adhana ya magharibi, nasi tulikuwa bado na kiu.

Baadaye tangazo lilikuja, watoto wakapiga kelele uchochoroni, takbira zikaanza misikitini. Viazi vilikuwa vinapoa.

Lakini kuna jambo alilolikosa, na ndilo lililonifanya nione kisa hiki kinafaa kuandikwa. Saudi Arabia walikuwa wameanza kufunga Jumamosi ya tarehe 1, na Idi yao ilikuwa Jumapili hiyohiyo ya tarehe 30. Visiwani kwetu kuna watu wanaofuata mwandamo wa popote duniani, na hoja zao na za wanaofuata mwandamo wa hapa zimo midomoni mwa masheikh kwa miaka mingi. Sitaziingilia, sina elimu hiyo. Ninachosema ni kwamba asubuhi ya Jumapili, katika uchochoro mmoja, nyumba ya kulia watoto wamevaa kanzu mpya na wananukia, nyumba ya kushoto sisi tumefunga. Wale watoto walikuwa na hela zao za sikukuu mkononi na hawakuwa na pa kuzipeleka. Pembea zinafuata siku ya kitaifa. Chakula hakiuzwi hadharani mchana wa Ramadhani, na hata kama kingeuzwa, Mamdogo asingethubutu kukitoa.

Vichezeo, je? Miwani ya plastiki haifunguzi mtu. Binamu yangu wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeliona. Alichukua boksi la puto na miwani, akakaa barazani, na kabla ya adhuhuri nusu ya boksi ilikwisha. Mamdogo alipojua alicheka, kisha akanyamaza kidogo. Miaka yote alikuwa akihesabu Idi kuwa na siku nne. Pale mtaani kwake, mwaka ule, ilikuwa na tano.

Kwa asiyeijua sikukuu ya Unguja, niseme kidogo inavyokwenda. Mwezi mzima wa Ramadhani mji umefunga mdomo: mikahawa mingi haifunguki mchana, ngoma kimya, taarab kimya. Burudani inayobaki ni Darajani usiku. Kumi la mwisho, watu ni wengi hapo mpaka unasukumwa bila kutembea, kila mama akitafuta viatu vinavyolingana na kitambaa alichokwisha kumpelekea fundi cherehani. Kisha, kwa usiku mmoja, mdomo unafunguka. Asubuhi ya Idi mosi wanaume na watoto wa kiume wanakwenda kusali, wanarudi, na hapo watoto wanaanza kuzunguka nyumba za ndugu na majirani kutoa mkono na kudai haki yao. "Sikukuu yangu!" Huambiwi tafadhali. Unatoa.

Alasiri wanakwenda viwanjani. Kwa watoto wa mjini neno "sikukuu" lina maana ya mahali vilevile: "umekwenda sikukuu?" maana yake umefika kwenye pembea. Zamani mahali hapo palikuwa Mnazi Mmoja. Wazee wa Ng'ambo watakusimulia pia sikukuu za sinema, pale Majestic, Empire na Cine Afrique zilipokuwa zikijaa zaidi siku za Idi kuliko wakati wowote wa mwaka. Jengo la Majestic tunalolijua lilifunguliwa mwaka 1955, baada ya lile la mwanzo, lililokuwa hapo tangu 1921, kuungua. Baadaye likabaki gofu Vuga, na mtoto wa sasa hawezi kuamini kwamba bibi yake alipanga foleni hapo na viatu vipya vinambana. Mimi naona kupotea kwa sinema hizo kumeacha pengo ambalo pembea haijaliziba: mahali pa kukaa, penye paa, wakati wa mvua.

Maana kuna masika. Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo katika miaka hii imekuwa ikiangukia ndani ya mvua ndefu: 2023 Aprili, 2024 Aprili, 2025 mwisho wa Machi. Mamdogo alinunua turubai mwaka 2023 na anasema halitachakaa kabla sikukuu haijatoka kwenye mvua na kuingia kwenye joto la kaskazi. Hesabu yake ni sahihi. Mwaka 2025 tulilifunga meza zikiwa bado hazijapangwa, na jioni moja ya manyunyu wateja wote wa njia nzima walikuwa chini yake. Turubai liliuza kachori kuliko chatini.

Sasa nifike kwenye kosa la pili, ambalo lilikuwa langu.

Nilipanga bei. Nilikaa na kalamu, nikagawa gharama kwa idadi, nikapata kwamba bastola ya maji iuzwe elfu moja na mia mbili, kachori mia tatu, barafu mia mbili. Hesabu safi kabisa. Idi mosi, saa kumi na nusu, wimbi la watoto likafika kutoka majumbani, na ndani ya robo saa nikawa sina chenji. Mtoto wa sikukuu hana mia mbili. Ana sarafu ya mia tano, ile tuliyoletewa mwaka 2014, au noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nane. Wajomba hawatoi mkono wa Idi wa mia tatu. Kila mauzo yakawa mazungumzo, kila mazungumzo yakawa foleni, na mtoto wa miaka saba akiwa na hela mkononi hasubiri foleni. Anakwenda meza ya pili.

Mamdogo hakunigombeza. Alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa makaa: MIA TANO. Kisha akavifungasha vitu upya huku mikono yake ikienda haraka kuliko macho yangu. Kachori mbili, mia tano. Barafu mbili, au barafu na fungu la chipsi, mia tano. Miwani, mia tano. Bastola, sarafu mbili. Chenji ikatoweka kabisa katika biashara yetu. Zaidi ya hapo, mtoto anayenunua barafu mbili anampa mwenzake ya pili, na mwenzake anarudi kesho kulipa fadhila. Sikuwa nimeliona hilo kwenye kalamu yangu.

Jioni hiyohiyo tulimpata mtoto. Msichana wa kiasi cha miaka minne, gauni la sare na hina mikononi, amesimama mbele ya deli bila kulia, anangoja tu. Watoto wetu huenda sikukuu kwa makundi. Mkubwa wa miaka kumi anaongoza wadogo wawili watatu, na wazazi wamebaki nyumbani na wageni. Ni utaratibu wa miaka mingi na kwa kawaida unafanya kazi, kwa sababu njia nzima imejaa watu wanaojuana. Mamdogo hakumuuliza jina. Alimuuliza, "Nani mwenye gauni kama lako?" Kwa sare ndivyo dada wanavyotafutwa. Tukampandisha juu ya boksi ili gauni lionekane, na haikupita muda dada mwenye kitambaa kilekile akaja mbio, anatetemeka. Akapewa barafu ya bure na maneno mawili matatu makali.

Nimeliweka tukio hilo kwa sababu ya Tabora. Sikukuu ya Idi el-Fitri mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikufa Tabora ndani ya ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Walikuwa watoto kama hawa, na hela za sikukuu kama hizi. Tangu wakati huo, sikukuu inapokaribia, mara nyingi utasikia polisi katika mikoa wakitangaza marufuku ya disko toto. Wapo wanaolalamika kwamba watoto wananyimwa burudani. Siwaungi mkono. Tofauti ya njia ya Kariakoo na ukumbi uliofungwa ni kwamba njiani mtoto akibanwa ana pa kutokea, na akipotea kuna mtu mzima asiyeuza tiketi anayemwona. Hela ya mtoto ikishalipwa mlangoni, mwenye mlango hana sababu ya kutaka watoto wapungue ndani. Muuza barafu anataka wapite, wazunguke, warudi tena.

Siku ya pili ilikuwa ya shamba. Gari za 116 za Nungwi na 310 za Makunduchi zilishusha vijana wa mashati mapya na mafuta ya nywele, na hao hawataki bastola za maji. Wanataka kula, kupiga picha, kisha kwenda Forodhani kutazama wenzao wakijirusha baharini kutoka ukutani. Kachori zilikwisha kabla ya magharibi. Vichezeo havikugusika.

Siku ya tatu sina la kusema. Tuliuza.

Siku ya nne ndiyo inayowachanganya wengi, na meza nyingi hazikuonekana kabisa. Mantiki yao ni nyepesi: watoto wameishiwa. Kweli wameishiwa. Binamu yangu mwenyewe, tajiri wa Jumapili, alikuwa akiomba barafu kwa mkopo. Lakini tazama nani hajatoka nyumbani tangu Idi mosi. Mama zao. Idi mosi wanapika biriani na kupokea wageni, Idi pili wanapokea waliobaki, Idi tatu wanakwenda kwa wakwe. Idi nne ndiyo yao. Wanavaa, wanajitia udi, wanatoka wawili wawili na watoto pembeni, wengine wanaelekea Forodhani, wengine wana tiketi za taarab usiku. Mwanamke aliyepika siku tatu mfululizo hataki kuona sufuria. Anataka kachori iliyokaangwa na mtu mwingine, chatini yenye pilipili, na mahali pa kusimama akasengenya kidogo. Mamdogo aliondoa vichezeo vyote mezani siku hiyo, akaleta viti vinne vya plastiki kutoka nyumbani. Ndiyo siku pekee tuliyokuwa na viti. Bei haikubadilika, mia tano mbili, lakini hakuna aliyenunua mbili. Walinunua nne, sita, na za kupeleka nyumbani.

Nikiisoma daftari yangu sasa, naona kwamba wiki ile mji ulikuwa na hadhira nne zilizokuja kwa zamu, na vitu viwili tu vilivyozisukuma: nani ana hela leo, na nani ana nafasi leo. Kwa watu walewale, vitu hivyo havikuenda pamoja siku zote. Watoto walikuwa na vyote viwili Idi mosi peke yake. Aliyepanga meza moja kwa siku zote nne alikuwa akimuuzia mtu wa jana.

Huwa nalinganisha na matamasha yetu makubwa. Sauti za Busara imekuwa ikifanyika tangu 2004, ina tarehe ya Februari inayojulikana mapema, ina jukwaa, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa Ngome Kongwe, ina wafadhili, na wageni wanakata tiketi za ndege kwa ajili yake. Ni tamasha ninalolipenda. Lakini mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu fedha hazikutosha. Sikukuu ya watoto haina mkurugenzi wala mfadhili, na hakuna anayeweza kuiahirisha. Inaendeshwa na sarafu za mia tano zinazotoka mfukoni mwa wajomba asubuhi na kufika mezani alasiri. Sisemi kwamba njia hii ni bora. Haimlipi mwanamuziki, haijengi jukwaa, na takataka zake hakuna anayezimiliki. Asubuhi ya Idi pili njia ile haitazamiki. Nasema tu kwamba wanaotaka kuiboresha wangeanza kwa kukaa nyuma ya deli siku nne kabla ya kuchora mabanda.

Kuna jambo moja ningelibadili kama ningekuwa na kauli: vyoo na maji ya bomba kwenye njia zote za kuelekea viwanjani, hasa kwa ajili ya Idi nne. Mama mwenye mtoto mdogo hukatisha matembezi yake kwa sababu hiyo tu, na akiondoka yeye wanaondoka watano.

Usiku wa mwisho tulibeba deli tupu mimi na binamu, Mamdogo akitangulia na viti. Barazani alimwaga sarafu kwenye sinia na kuzipanga kumi kumi, elfu tano kila mnara. Minara ilipofika ukingo wa sinia akaacha kuhesabu, akasema zinazobaki ni za turubai. Nikamuuliza Idi kubwa, Mfunguo Tatu, kama ataweka meza. Watu wengi hawaweki. Ile ni sikukuu ya nyama zaidi kuliko ya vichezeo.

"Ile mwezi wake unaandama siku kumi kabla," akasema. "Kila mtu anajua siku. Wewe utauza nini ambacho wenzako hawajakipanga?"

Akamwita binamu yangu, akampa mnara mmoja wa sarafu, wa Jumapili.